Kuingia Pasipo Ufunguo: Dosari za Utambulisho katika Programu-Jalizi za Tovuti

Watu wengi wanapofikiri juu ya usalama wa tovuti hufikiri kwanza juu ya neno la siri. Huambiwa walifanye refu, wasitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na wasimpe mtu mwingine yeyote. Mashauri hayo ni mema, na hesabu yake ni rahisi. Neno lenye herufi 12 ndogo zilizochaguliwa bila mpango wowote ni moja kati ya maneno yapatayo 95,000,000,000,000,000. Mtu anayejaribu maneno 1,000 kwa kila sekunde angehitaji zaidi ya miaka milioni 3 ili kuyamaliza yote.

Hata hivyo, katika mwezi wa Novemba 2024 ilitangazwa kwamba programu moja iliyokuwa ikitumiwa na tovuti zaidi ya milioni 4 ilikuwa na dosari kubwa. Sehemu yake moja ikiwa imewashwa, mgeni yeyote aliweza kuingia kama msimamizi mkuu wa tovuti bila ya kujua hata herufi moja ya neno la siri. Ile miaka milioni 3 ilipunguzwa ikawa sekunde moja au chini yake. Ajabu zaidi ni kwamba sehemu yenyewe ilikuwa imetungwa ili kuongeza ulinzi.

Makala haya yanaeleza jinsi jambo kama hilo linavyowezekana. Dosari za aina hii zimetokea mara nyingi katika programu zinazoitwa programu-jalizi, na kiini chake chaweza kufahamika na mwanafunzi yeyote aliyekwisha kufundishwa mantiki ya "kweli" na "si kweli".

Programu ndani ya programu

Tovuti nyingi za leo haziandikwi ukurasa kwa ukurasa kwa mkono, kama zilivyoandikwa katika miaka ya 1990. Mwenye tovuti huchukua programu iliyokwisha kutungwa, akaiweka katika seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, kisha akaandika habari zake kama aandikaye barua. Programu iliyoenea kupita zote katika kazi hii ni WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Kwa hesabu za miaka ya karibuni, zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani zaendeshwa nayo. Shule, magazeti, maduka na ofisi za serikali huitumia kwa sababu haiuzwi, na kwa sababu haidai ujuzi mwingi kwa anayeanza.

WordPress yenyewe haina kila kitu. Mwenye duka huhitaji njia ya kupokea malipo. Mhariri wa gazeti huhitaji orodha ya wasomaji. Shule huhitaji fomu ya kuombea nafasi. Mahitaji hayo hutimizwa na programu-jalizi: programu ndogo inayochomekwa ndani ya ile kubwa ili kuiongezea kazi. Uwezo huo uliingizwa katika toleo la 1.2 la mwezi wa Mei 2004, na leo ghala la WordPress lina makumi ya maelfu ya programu-jalizi zisizolipiwa. Watungaji wake ni wa kila namna, tangu makampuni makubwa hadi mtu mmoja afanyaye kazi peke yake usiku baada ya kibarua cha mchana.

Hapa pana jambo ambalo msomaji hana budi kulishika, kwani mengine yote hulitegemea. Programu-jalizi haikai katika chumba chake. Ikishawashwa, amri zake hutekelezwa pamoja na amri za WordPress kwa mamlaka yale yale. Yaweza kusoma hifadhidata nzima, kufuta makala, kuongeza watumiaji, na hata kuiambia WordPress ni nani aliye mlangoni. Ni sawa na fundi aliyeitwa kutengeneza bomba la jikoni, akakabidhiwa funguo za nyumba nzima. Programu-jalizi ya kuonyesha picha za mahafali ina uwezo sawa na ile ya kulinda mlango, ingawa ni wenye tovuti wachache wanaolifikiri jambo hilo wakati wa kuichomeka.

Seva isiyo na kumbukumbu

Mazungumzo kati ya kivinjari na seva hufuata utaratibu uitwao HTTP. Kila mara mtu anapobonyeza kiungo, kivinjari hupeleka ombi na seva hurudisha jibu. Kisha seva husahau. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa mtu yule yule sekunde moja baadaye, huja kama barua isiyo na jina la mwandishi. Lau hali ingebaki hivyo, mtumiaji angelazimika kuandika neno lake la siri upya kwa kila ukurasa anaoufungua.

Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni njia ya kuliondoa tatizo hilo. Njia hiyo ni kidakuzi: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kwa kivinjari, na ambacho kivinjari hukirudisha pamoja na kila ombi. Katika WordPress, mtu akishaandika jina na neno la siri kwa usahihi hupewa kidakuzi chenye jina lake la kuingilia, muda wa mwisho wa matumizi, alama ya kipindi hicho, na sahihi ya kihisabati. Sahihi hiyo hupatikana kwa kutumia funguo za siri ambazo hazitoki katika seva. Mgeni aweza kuandika jina la msimamizi katika kidakuzi cha kughushi kadiri apendavyo, lakini hawezi kuweka sahihi inayolingana nalo, kwa sababu funguo hanazo. Seva huikokotoa sahihi upya na kuilinganisha na ile iliyoletwa. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mletaji huhesabiwa kuwa mgeni tu.

Huo ndio mlango mkuu, na umejengwa vizuri. Lakini si kila anayehitaji kuingia aweza kuutumia. Kampuni ya malipo inayotaka kuiarifu tovuti kwamba fedha zimefika haina neno la siri la msimamizi, wala haipasi kuwa nalo. Hali kadhalika mtambo unaosimamia tovuti 50 kwa pamoja, au unaopeleka habari kutoka tovuti moja hadi nyingine pasipo mkono wa mtu. Basi mtungaji wa programu-jalizi hutoboa mlango wa pembeni, akaweka hapo mlinzi wake mwenyewe. Dosari zinazozungumzwa katika makala haya ni za walinzi hao wa pembeni. Nguvu ya neno la siri haizizuii hata kidogo, kwa kuwa apitaye pembeni haulizwi neno hilo.

Mgeni ajitajaye mwenyewe

Mfano wa kwanza ni wa programu-jalizi iitwayo WooCommerce Payments, itumiwayo na maduka ya mtandaoni kupokea malipo. Mwezi wa Machi 2023, wakati ilipokuwa imewekwa katika tovuti zaidi ya 500,000, ilitangazwa kwamba matoleo yake kuanzia 4.8.0 hadi 5.6.1 yalikuwa na mwanya.

Kila ombi la HTTP hutanguliwa na mistari michache ya maelezo, mfano wa maandishi yaliyo juu ya bahasha. Maelezo hayo huandikwa na mpelekaji, naye aweza kuandika chochote. Programu-jalizi hiyo ilikuwa ikitazama kama miongoni mwa mistari hiyo umo mmoja wenye namba ya mtumiaji. Ulipokuwamo, iliichukua namba ile na kuiarifu WordPress kuwa huyo ndiye mtumiaji wa sasa. Haikudai sahihi, wala ufunguo, wala kidakuzi. Na kwa kuwa WordPress huwapa watumiaji namba kwa kufuata mpangilio wa kuandikishwa kwao, mtumiaji namba 1 kwa kawaida ni yule aliyeisimamisha tovuti, yaani msimamizi.

Mstari huo ulikuwa umekusudiwa kutumiwa na mtambo wa malipo peke yake. Nia hiyo haikuandikwa mahali popote ambapo kompyuta ingeweza kuisoma. Jina la mstari lilikuwa refu na geni, nao wasiolijua wasingeweza kulitumia. Lakini jina la mstari si siri, kwani programu yenyewe iko wazi na yeyote aweza kuisoma. Ulinzi wa namna hii hufanana na ule wa mtu anayeacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni kwa kutumaini kwamba wezi hawataliinua.

Dosari za jamii hiyo zilikwisha kuonekana kabla ya hapo. Mwezi wa Januari 2020 iligunduliwa kwamba InfiniteWP Client, programu-jalizi ya kusimamia tovuti nyingi kutoka mahali pamoja, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 300,000, ilimwingiza mtu kwa kutajiwa jina la kuingilia la msimamizi tu. Majina hayo si siri. Mara nyingi huchapwa chini ya kila makala katika tovuti yenyewe.

Tupu na tupu ni sawa

Mfano wa pili wafaa sana kwa darasa la hisabati. Programu-jalizi ya OttoKit, iliyokuwa ikiitwa SureTriggers na kuwekwa katika tovuti zaidi ya 100,000, huunganisha tovuti na huduma nyingine ili kazi zifanyike zenyewe. Mlinzi wake wa pembeni alipewa ufunguo wa siri uliohifadhiwa katika tovuti. Ombi likija, mlinzi huutazama ufunguo ulioletwa na kuulinganisha na ule uliohifadhiwa. Ukiwa sawa, ombi hukubaliwa. Utaratibu huu ni mzuri kuliko ule wa kwanza, nao mtu akiusoma harakaharaka haoni kasoro.

Mwanafunzi na aandike hali zote zinazowezekana. Ufunguo uliohifadhiwa waweza kuwapo au kutokuwapo; ulioletwa nao waweza kuwapo au kutokuwapo. Hizo ni hali 4. Ikiwa wote wawili wapo, hulinganishwa, na jibu huwa la haki. Ikiwa uliohifadhiwa upo na ulioletwa haupo, havilingani, na ombi hukataliwa. Ikiwa uliohifadhiwa haupo na mtu akaleta kitu chochote, hapo pia havilingani. Inabaki hali ya 4, ambapo tovuti haijahifadhi ufunguo wowote na mgeni naye hakuleta chochote. Tupu ililinganishwa na tupu, na kompyuta, ambayo haina hiana wala haya, ilijibu kwamba ni sawa.

Hali hiyo ya 4 haikuwa ya kubuniwa. Ndiyo iliyokuwamo katika kila tovuti ambayo mwenyewe aliichomeka programu-jalizi, akaiwasha, kisha asiendelee kuitengeneza ianze kazi. Tovuti ya mtu aliyeijaribu kidogo na kuiacha ndiyo iliyokuwa hatarini kupita ya yule aitumiaye kila siku. Mgeni aliyepita hapo aliweza kujiandikisha kama msimamizi mpya. Matoleo yote hadi 1.0.78 yalikuwa na dosari hiyo. Iliondolewa katika toleo la 1.0.79 la mwezi wa Aprili 2025 kwa kuongeza swali moja dogo kabla ya ulinganisho: je, upo ufunguo wowote?

Mlinzi aliyesema hapana

Mfano wa tatu ndio uliotajwa mwanzoni mwa makala, nao wastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kosa lake ni la hila kuliko yale mengine mawili na kwa sababu lilitokea katika programu ya ulinzi.

Really Simple Security, ambayo hapo awali ilijulikana kama Really Simple SSL, ilianza kama chombo cha kuwasaidia wenye tovuti kuhamia katika mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo. Baadaye iliongezewa kazi nyingine za ulinzi, mojawapo ikiwa ni uthibitishaji wa hatua mbili. Katika utaratibu huo, mtu akishaandika neno lake la siri huulizwa jambo la pili, mathalani namba aliyopelekewa kwa barua-pepe. Aliyeiba neno la siri hukwama katika hatua ya pili. Ni utaratibu mzuri, na wataalamu huuhimiza.

Utaratibu mpya ukianzishwa, watumiaji wa zamani hawana budi kuelekezwa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupita hatua ya kwanza huonyeshwa ukurasa wa kumwelekeza namna ya kuiandaa hatua ya pili, naye aweza kuuruka ukurasa huo na kuendelea. Kuruka huko hufanywa kwa ombi maalumu linalokwenda katika seva likiwa na vitu viwili: namba ya mtumiaji, na hati ya muda aliyopewa punde tu alipopita hatua ya kwanza. Hati hiyo ndiyo ushahidi kwamba neno la siri lilikwisha kuandikwa kwa usahihi.

Programu ilikuwa na sehemu iliyotungwa mahsusi kwa kuichunguza hati hiyo. Sehemu hiyo ilifanya kazi yake barabara. Ilipoletewa hati ya kweli, ilirudisha habari za mtumiaji. Ilipoletewa hati ya uongo, ilitambua kuwa ni ya uongo, ikatunga jibu la kosa, ikalirudisha kwa sehemu iliyoiita. Lakini sehemu iliyoiita haikulitazama jibu hilo. Ilikwenda moja kwa moja katika mstari uliofuata, na mstari uliofuata ulimwingiza mtu kwa kufuata namba ya mtumiaji iliyokuwamo katika ombi.

Msomaji na alifikirie lango la shule ya bweni. Mlinzi humwomba kila mgeni barua ya mwaliko. Amekuja mtu mwenye barua ya kughushi. Mlinzi ameigeuza mbele na nyuma, ameuona muhuri wa uongo, ameandika katika kikaratasi "barua hii si halali", na amekiweka kikaratasi juu ya meza ya mwenzake ashikaye ufunguo wa lango. Mwenzake yule ameambiwa, "Mlinzi akimaliza kuchunguza, fungua." Mlinzi amemaliza. Lango limefunguliwa, na kikaratasi kimebaki juu ya meza bila kusomwa. Hakuna aliyelala katika lindo, wala hapakuwa na rushwa. Lililokosekana ni maneno mawili tu katika agizo: akimaliza kuchunguza na kuridhika.

Dosari hiyo iligunduliwa tarehe 6 Novemba 2024 na mtafiti wa Wordfence, shirika linaloshughulikia usalama wa WordPress. Ilikuwamo katika matoleo 9.0.0 hadi 9.1.1.1, na ilipewa alama 9.8 katika kipimo cha hatari kinachoishia 10. Ilihitaji sehemu ya hatua mbili iwe imewashwa, na kwa desturi haikuwa imewashwa mpaka mwenye tovuti aiwashe mwenyewe. Hivyo waliokuwa hatarini hasa ni wale waliojali usalama zaidi ya wenzao. Inaumiza, lakini haimaanishi kwamba waliiwasha kwa makosa. Hatua ya pili iliyotungwa vizuri huzuia mengi, nayo toleo la 9.1.2 liliiziba dosari.

Yafaa kuuliza jinsi kosa kama hilo linavyoweza kupita machoni pa watungaji. Sababu moja ni kwamba majaribio ya kawaida hayalifichui. Mtungaji hujaribu kuingia kwa hati ya kweli, na programu humwingiza kama ilivyokusudiwa. Mtumiaji wa kawaida hatapata kamwe hati ya uongo, kwa hiyo hatalalamika. Hitilafu nyingine nyingi katika programu hujitangaza zenyewe: ukurasa haufunguki, hesabu haijumliki, picha haionekani, na wenye kudhurika hupiga kelele. Mlinzi asiyezuia hana wa kumlalamikia, kwani wote wenye haki ya kupita hupita. Ili kumfichua hapana budi mtu aje makusudi na barua ya kughushi.

Sababu ya pili ni ya lugha ya programu. Katika PHP, lugha ambayo WordPress na programu-jalizi zake zimeandikwa, sehemu inayorudisha jibu la kosa haiwezi kumlazimisha aliyeiita kulisoma. Upo mtindo mwingine, ambamo sehemu ya uchunguzi ikikuta uongo husimamisha kazi yote papo hapo, na mstari unaofuata haufikiwi kamwe. Kwa kazi ya mlangoni mtindo huu ni bora. Kusahau kulitazama jibu kutaleta usumbufu badala ya uvamizi, na usumbufu hugunduliwa siku ile ile.

Mbio kati ya sahihisho na uvamizi

Mtafiti mwaminifu akigundua dosari huwaarifu watungaji kwa siri, nao hutoa toleo lililosahihishwa kabla ya habari kutangazwa. Utaratibu huu ni wa busara, lakini una tatizo lisiloepukika. Programu-jalizi za ghala la WordPress husomeka na kila mtu. Anayeliweka toleo la zamani kando ya toleo jipya huona mistari iliyobadilishwa, na mistari hiyo humwonyesha mahali penyewe palipokuwa na mwanya. Sahihisho ni dawa kwa aliyelipokea na ramani dhidi ya asiyelipokea. Baada ya kutangazwa, kila saa inayopita huhesabika.

Katika mkasa wa OttoKit, shirika la Patchstack liliona jaribio la kwanza la uvamizi muda wa saa 4 hivi baada ya dosari kuingizwa katika orodha yake. Mkasa wa WooCommerce Payments ulikwenda kinyume cha hapo. Toleo lililosahihishwa, 5.6.2, lilitoka mwezi wa Machi 2023, nalo lilisukumwa katika tovuti nyingi bila ya kungoja idhini ya wenyewe. Miezi 3 ilipita pasipo kishindo. Mwezi wa Julai maelezo kamili ya dosari yalichapishwa, na katikati ya mwezi huo Wordfence ilihesabu katika siku moja mashambulizi milioni 1.3 dhidi ya tovuti 157,000. Wavamizi hawakuwa wakiketi mbele ya kompyuta wakichagua tovuti moja moja. Programu zao zilikuwa zikibisha hodi katika kila tovuti, ziwe kubwa au ndogo, zikitafuta zile zilizosahauliwa.

Jambo hili hupingana na fikira ya wenye tovuti ndogo kwamba hakuna awezaye kuwajali. Tovuti ya shule isiyo na fedha wala siri bado ina seva inayoweza kupeleka barua za ulaghai kwa maelfu ya watu, ina kurasa ambazo zaweza kufichwa viungo vya bidhaa haramu, na ina wasomaji, yaani wazazi na wanafunzi, ambao huiamini.

Kwa sababu ya hatari hiyo, wasimamizi wa ghala la WordPress walishiriki katika kulisukuma sahihisho la Really Simple Security mwezi wa Novemba 2024. Wapo wanaonung'unika kwamba si haki mtu wa mbali kubadili programu iliyo katika seva ya mwingine. Neno lao lina uzito, lakini katika mkasa kama huu, ambapo mlango wa mamilioni uko wazi na wenyewe wamelala, ni vigumu kuona njia nyingine.

Yawezayo kufanywa shuleni

Mwalimu aliyekabidhiwa tovuti ya shule hawezi kusoma mistari yote ya kila programu-jalizi. Aweza kuhakikisha kwamba matoleo mapya yanaingia yenyewe, na kwamba programu-jalizi zisizotumika zimeondolewa kabisa wala hazikuachwa zimewashwa nusu kama zile za hali ya 4. Mwenye programu-jalizi 8 ana walinzi wachache wa kuwatilia shaka kuliko mwenye 40.

Wanafunzi wanaosoma elimu ya kompyuta waweza kutunga programu fupi ya mlinzi, kila mmoja yake, kisha wabadilishane. Kazi ya anayepokea ni kuleta kila aina ya uongo: namba isiyokuwapo, ufunguo mtupu, hati iliyokwisha muda wake, na kadhalika. Zoezi hilo lifanyike katika kompyuta za darasani na kwa programu zao wenyewe tu. Kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa la jinai, nchini Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2018, hata kama aliyeingia hakuharibu kitu.

Ikiwa tovuti ilikuwa na dosari kwa siku kadhaa kabla ya kusahihishwa, kazi haikwishi kwa kuweka toleo jipya, kwani kuziba mwanya hakumtoi aliyekwisha kupenya. Orodha ya wasimamizi hupitiwa jina kwa jina, na jina lisilojulikana hufutwa. Orodha ya programu-jalizi nayo hupitiwa, kwa sababu wavamizi wa Julai 2023 walikuwa na mazoea ya kuchomeka nyingine itakayowawezesha kutoa amri zao baadaye. Mwisho hubadilishwa zile funguo 8 za siri zilizomo katika faili ya matayarisho ya WordPress, ambazo ndizo zinazotumika kuweka sahihi katika vidakuzi. Zikibadilika, sahihi zote za zamani hubatilika kwa mara moja, na kila aliyekuwa ndani, awe mwalimu au mvamizi, hujikuta nje ya mlango mkuu akidaiwa neno la siri.